Kifua kikuu: mikrobi inayopunguza pumzi yake, na sababu ya kumeza dawa miezi 6

Katika muji wa Butembo na vijiji vya kandokando, habari hii inajulikana katika jamaa nyingi. Mutu anakohoa wiki na wiki, anakonda, usiku analowana na jasho. Anafika kwenye kituo cha afya, makohozi yanapimwa, na anaambiwa kama ni kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi wanauita TBC. Anaanza dawa. Kisha mwezi moja ao miwili, kikohozi kinakatika, hamu ya kula inarudi, kilo zinapanda. Hapo ndipo anaanza kujiuliza: «Mimi niko muzima. Juu ya nini niendelee na vidonge miezi mine ingine?»

Wengine hawapati hata nafasi ya kujiuliza. Vita inafika kijijini, watu wanakimbia usiku kutoka upande wa Beni ao wa Lubero, na vidonge vinabaki nyumbani pamoja na fishi ya matunzo.

Jibu la swali lile si sheria ya wanganga tu. Linatoka katika maisha ya mikrobi yenyewe: namna inavyopumua, na namna inavyobadilisha pumzi yake wakati inabanwa. Wachunguzi wamefuata jambo hilo kwa miaka mingi, mpaka wamejua ni jeni gani zinawashwa na gani zinazimwa.

Mikrobi nayo inapumua

Tarehe 24 mwezi wa tatu 1882, munganga Mujerumani Robert Koch alitangaza katika muji wa Berlin kama amepata mikrobi inayoleta kifua kikuu. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya dunia ya kupiganisha ugonjwa huu.

Mikrobi ile ni bakteria. Haina pua wala mapafu, lakini inaomba oksijeni ili ikomae na kuzaana. Tena inakwenda polepole sana. Kuna bakteria za tumboni ambazo, zikipata chakula kizuri, zinagawanyika kila dakika 20. Hii ya TBC inachukua karibu siku nzima.

Kupumua kwa bakteria si kuvuta hewa na kuitoa. Ni kuchoma chakula kidogokidogo juu ya kupata nguvu. Katika ngozi nyembamba inayozunguka mikrobi kuna mashine ndogo sana za protini, zinazoitwa enzimu za pumzi. Mashine ya kwanza inatoa elektroni kwenye chakula na kuzipitisha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka ya mwisho inazikabidhi kwa oksijeni. Katika safari ile, mashine zinasukuma chembe zingine, protoni, zitoke inje ya ngozi.

Protoni zinajaa inje kama maji yaliyozuiwa juu ya mutelemuko. Kiisha zinarudi ndani kwa kupitia mashine moja inayozunguka kama turbini. Watu wanaojua turbini ndogo za mitoni watafahamu upesi: maji yanashuka, chuma kinazunguka, umeme unatoka. Kwa mikrobi, kinachotoka ni ATP, yaani nguvu inayotumika kwa kila kazi. Turbini ikisimama kabisa, mikrobi inakufa.

Kila mashine inatengenezwa kufuatana na maandishi yaliyo ndani ya mikrobi. Kila fungu la maandishi yale ni jeni. Jeni ikisomwa, mashine inatengenezwa. Jeni ikinyamazishwa, mashine mpya hazitengenezwi tena, na za zamani zinapungua. Kwa njia hiyo mikrobi inaweza kubadilisha mashine zake za pumzi kufuatana na mahali iko.

Mwili unaifungia hewa

Mikrobi ikiingia katika mapafu, mwili haukai kimya. Chembe nyeupe za damu zinaimeza. Zingine zinakuja kuizunguka, na polepole kinatokea kifundo kidogo kinachofungia mikrobi ndani. Katika vifundo vingine, oksijeni inakuwa kidogo sana.

Zaidi ya hapo, chembe za ulinzi za mwili zinaweza kutoa gesi inayoitwa nitriki oksidi, kwa kifupi NO. Gesi ile inashika nafasi ya oksijeni kwenye mashine ya mwisho, na pumzi ya mikrobi inakwama.

Kwa watu wengi, mapambano yanasimama hapo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kama karibu mutu moja kati ya 4 duniani ameambukizwa mikrobi hii. Kati ya hao, 5 mpaka 10 kwa 100 tu ndio watafikia kuugua katika maisha yao. Wengine wote wanatembea na mikrobi iliyofungiwa, bila kukohoa na bila kuambukiza mutu.

Lakini kufungiwa si kufa. Mutafiti Lawrence Wayne, aliyefanya kazi California, Marekani, alionyesha tofauti hiyo kwa njia nyepesi. Mikrobi zilizokatiwa oksijeni kwa gafula zilikufa upesi. Zile alizoziacha zimalize oksijeni polepole ndani ya chupa iliyofungwa hazikufa. Zilisimama kuzaana, zikatulia, zikabaki hai. Walipozirudishia hewa, zilianza tena kukomaa.

Maana yake, mikrobi ikipewa muda wa kujitayarisha, inajua kujipanga. Na katika mapafu ya mutu, mara nyingi muda ule inaupata.

Kengele mbili na mukubwa moja

Inajuaje kama hewa inapungua? Ndani yake muko protini mbili zinazofanya kazi ya kengele: DosS na DosT. Zinabeba chuma kilichofungwa kwa namna inayofanana na chuma cha damu yetu, kile kinachobeba oksijeni. Oksijeni ikiwa tele, kengele zinanyamaza. Oksijeni ikipungua, ao NO ikija kushika kile chuma, kengele zinalia.

Ujumbe unafika kwa protini ya tatu, DosR. Hiyo ndiyo mukubwa. Inakwenda kushika DNA ya mikrobi na kuamuru jeni karibu 50 zisomwe kwa mara moja. Mwaka 2003, wachunguzi wa Marekani walionyesha kama NO, hata ikiwa kidogo tu, inafunga pumzi ya mikrobi na kuamsha kundi lile lile la jeni linaloamshwa na ukosefu wa oksijeni. Kwa mikrobi, shida zote mbili zinatoa habari moja: pumzi imekwama, inafaa kubadilisha maisha.

DosR haifanyi yote peke yake. Kuna protini zingine zinazoamuru jeni zingine za pumzi. Lakini kundi lile la jeni karibu 50 ndilo linajulikana zaidi katika mambo ya kulala kwa mikrobi ya TBC.

Kutoka umeme mukubwa kwenda grupe ndogo

Mwaka 2005, wachunguzi wengine wa Marekani walipima jeni za mikrobi iliyokuwa ndani ya mapafu ya panya. Kinga ya panya ilipoanza kuwa na nguvu, mikrobi ilipunguza kusoma jeni za mashine zake kubwa za pumzi, zile zinazosukuma protoni nyingi. Hata jeni za turbini zilipunguzwa. Lakini kwa muda fulani, jeni za mashine ingine zilipanda: mashine inayoitwa sitokromu bd.

Sitokromu bd haitoi nguvu nyingi kama mashine kubwa. Faida yake ni ingine: inaweza kushika oksijeni hata ikiwa kidogo sana, na NO haiisumbui kwa urahisi. Vilevile ilipanda jeni ya kuingiza nitrati, kitu ambacho mikrobi inaweza kutumia kwa kupokea elektroni wakati oksijeni inakosekana.

Wakaaji wa Butembo wanaweza kuifananisha na mufanyabiashara mwenye duka. Umeme ukiwa muzuri, friji zinafanya kazi, mashine ya kusaga inazunguka, taa zote zinawaka. Umeme ukikatika, anawasha grupe ndogo. Friji anazizima, mashine ya kusaga inalala, anabakiza balbu moja na kuchaji simu. Mazuti kidogo yanamutosha siku nyingi. Mutu akipita inje anafikiri duka limefungwa. Kumbe mwenyewe iko ndani.

Ndivyo mikrobi ya TBC inavyokaa. Haizaani, haijengi, inatumia nguvu kidogo tu ya kuishikilia hai. Siku kinga ya mwili inapunguka, kwa sababu ya njaa, ya ugonjwa wa sukari, ya virusi vya UKIMWI ao ya uzee, mikrobi inapata nafasi. Inarudisha mashine kubwa, na ugonjwa unaanza.

Juu ya nini miezi 6

Sasa mutu anaweza kufahamu kinachopita katika mwili wa mugonjwa aliyeanza dawa. Kwa TBC ya kawaida, miezi 2 ya kwanza anameza dawa ine: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Kisha miezi 4 anaendelea na rifampisini na isoniazidi.

Isoniazidi inaharibu kazi ya kujenga ukuta wa mikrobi. Mikrobi zinazozaana kwa nguvu zinajenga kila siku, basi zinakufa upesi. Hizo ndizo nyingi, na hizo ndizo zinaleta kikohozi, homa na kukonda. Zikiisha kufa, mugonjwa anasikia amepona.

Lakini zile zilizopunguza pumzi hazijengi ukuta. Mutu hawezi kubomoa kazi ya fundi aliyekaa tu. Kwa hizo inaomba dawa zingine. Rifampisini inazuia kusomwa kwa jeni, na inaweza kupata mikrobi inayoamka hata kwa muda mufupi. Pirazinamidi ina nguvu mahali penye uchachu ambapo mikrobi inafanya kazi kidogo. Hata hivyo zinachukua muda, kwa sababu mikrobi zilizolala haziamki zote siku moja.

Jambo hilo lilihakikishwa hapa karibu, katika Afrika yetu. Mbele ya miaka ya 1970, matunzo ya TBC yalidumu mwaka moja na nusu. Wagonjwa wengi walichoka njiani. Wanganga wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na baraza la uchunguzi wa dawa la Uingereza, walijaribu kuyafupisha mpaka miezi 6. Matokeo yao ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972.

Wagonjwa waliopewa streptomisini na isoniazidi peke yake kwa miezi 6 walionekana wamepona, lakini kisha kuacha dawa, karibu 29 kati ya 100 waliugua tena. Kwa wale walioongezewa rifampisini, waliougua tena walikuwa karibu 3 tu kati ya 100. Wote walikuwa wamemeza dawa miezi 6. Tofauti ilikuwa katika dawa inayofikia mikrobi zilizobaki kimya. Matunzo ya miezi 6 yanayotolewa leo yalianzia kwenye kazi ile.

Basi mutu anayeacha dawa kisha miezi 2 anakuwa ameua zile zinazopiga kelele, na ameacha zile zinazongojea.

Kulala si usugu, lakini kunaweza kuuzaa

Kuna mambo mawili ambayo watu wanachanganya. Mikrobi iliyolala haijabadilisha jeni zake. Imebadilisha tu zipi zinasomwa na zipi hazisomwi. Ikiamka, dawa zile zile zinaiua. Mikrobi sugu ni ingine: maandishi ya jeni yenyewe yamebadilika, na dawa fulani haiiwezi tena, ikilala ao ikiamka.

Lakini mambo hayo mawili yanasaidiana. Mutu akimeza dawa siku tatu, akaacha wiki mbili, akarudia, zile zilizobaki zinaamka na kuzaana wakati dawa ni kidogo katika damu. Kati yao, moja iliyobadilika kwa bahati inaweza kushinda na kujaza mapafu. Hapo TBC inakuwa sugu, na mutu yule anaweza kuambukiza wengine TBC iliyo sugu tayari.

Dawa inayopiga kwenye turbini

Ujuzi wa pumzi ya mikrobi umezaa dawa mpya. Mwaka 2005, kundi la wachunguzi lililoongozwa na Koen Andries huko Ubelgiji lilitangaza dawa ambayo leo inaitwa bedakilini. Inakwenda moja kwa moja kwenye turbini ya mikrobi na kuizuia isizunguke. Kwa sababu hata mikrobi iliyolala inaomba ATP kidogo, dawa hiyo inaweza kuua zilizo macho na zilizolala. Marekani iliruhusu itumike mwezi wa kumi na mbili 2012, kwa wagonjwa wa TBC sugu.

Mikrobi nayo ilijibu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kama siku za kwanza za bedakilini hazileti vifo vingi vya mikrobi. Ikisikia turbini imefungwa, mikrobi inaamsha kundi la DosR, inaongeza sitokromu bd, na inatafuta njia zingine za kupata nguvu. Inachukua siku kadhaa mpaka inashindwa. Ni kengele zile zile, na grupe ile ile.

Wachunguzi walipata kitu kingine walipojaribu dawa inayoitwa telacebec, iliyotangazwa na kundi la Korea ya Kusini mwaka 2013. Hiyo inafunga njia kubwa ya pumzi. Lakini mikrobi inapitisha elektroni kwa sitokromu bd na inabaki hai. Katika maabara, mikrobi iliyonyimwa ile sitokromu inakufa kwa dawa hiyo. Kwa hiyo leo kuna watu wanaotafuta dawa ya kufunga njia zote mbili kwa mara moja: kukata umeme na kuondoa grupe.

Dawa ingine, pretomanidi, inatumia silaha ya mwili wenyewe. Mwaka 2008 ilionyeshwa kama ndani ya mikrobi inaachilia NO, ile gesi ambayo chembe zetu za ulinzi zinatumia, na kwa njia hiyo inaua hata mikrobi isiyozaana.

Mwaka 2022, OMS ilishauri kuunganisha bedakilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa wagonjwa wengi wa TBC sugu wenye miaka 14 na zaidi. Matunzo yale yanadumu miezi 6. Zamani, mugonjwa wa TBC sugu aliweza kubaki kwenye dawa mwaka moja na nusu ao zaidi, na sindano nyingi. Munganga ndiye anayejua nani anaweza kupewa mupango ule. Hakuna mutu anayepaswa kununua dawa hizo sokoni.

Kwa wakaaji wa Kimemi na wale wanaokimbia

Ripoti ya OMS ya mwaka 2024 inaonyesha kama watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani mwaka 2023. DRC ni moja kati ya nchi 8 ambazo pamoja zilikuwa na theluthi mbili za wagonjwa wale. Katika nyumba ambamo jamaa mbili ao tatu zinalala pamoja kwa sababu ya vita, mikrobi inapita kwa urahisi kupitia hewa, mugonjwa akikohoa. Haipiti kwa sahani wala kwa kupeana mukono.

Kwa hiyo mambo machache yanafaa kukumbukwa katika Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba, sawa katika muji wa Beni na vijiji:

- Mutu anayekohoa wiki 2 ao zaidi anaombwa kupimisha makohozi. Mashine ya GeneXpert, mahali iko, inaonyesha kwa saa mbili hivi kama mikrobi iko na kama rifampisini itaiweza.

- Katika mupango wa taifa wa kupiganisha TBC, PNLT, kupima makohozi na dawa ni bure. Vituo vinavyoitwa CSDT ndivyo vinafanya kazi hiyo.

- Anayelazimika kukimbia achukue vidonge na fishi yake mbele ya vitu vingine vyote. Akifika, aende upesi kwenye kituo kilicho karibu na aseme yuko mwezi wa ngapi. Hata kama fishi imepotea, aende. Asingojee kikohozi kirudi.

- Aliyeacha dawa asianze mwenyewe kumeza zilizobaki. Wanganga watapima tena juu ya kujua kama mikrobi ni ile ya mbele ao imekuwa sugu.

- Watoto wadogo wanaoishi na mugonjwa waletwe wapimwe. Wale wasio na ugonjwa wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga.

- Madirisha yafunguliwe muchana. Hewa inayopita inapunguza mikrobi ndani ya nyumba.

Kuhusu yule mugonjwa anayejiuliza juu ya nini aendelee wakati anasikia amepona, jibu ni fupi. Yeye anasikia amepona kwa sababu mikrobi zinazomuumiza zimekufa. Zile zilizopunguza pumzi yao haziumizi, hazikohozeshi, na hawezi kuzisikia. Miezi ine inayobaki ni kwa ajili ya hizo.